Kwa nini Do Ho Suh anashona nyumba alizopanga

Swali: Mwaka 2025 nilikwenda jumba la sanaa la Tate Modern, London, kuona maonyesho ya Do Ho Suh, msanii wa Korea. Nilipita ndani ya vyumba vya kitambaa, vyepesi kama chandarua, na ndani hamkuwa na kitu. Rafiki niliyeandamana naye alisema ile ni huzuni ya mtu anayekumbuka kwao. Mimi nimezaliwa Tanga, naishi Leicester kwenye chumba cha kupanga, na kwetu nakukumbuka kila siku, lakini mle ndani sikuona huzuni. Je, kuna kitu nimekosa? Msanii huyu anasema nini hasa kuhusu nafasi? Na mtu kama mimi, niliyesomea ushonaji, akitaka kufanya kazi ya namna ile kuhusu nyumba yao ya Tanga, aanzie wapi?

Jibu: Hujakosa kitu. Rafiki yako amerudia maelezo ambayo yamemwandama Suh kwa zaidi ya miaka ishirini, kwamba ni mhamiaji anayelilia nyumbani. Maelezo hayo yanapendwa kwa sababu ni mepesi, lakini kazi zenyewe zinayakataa. Angalia ni nyumba zipi alizozishona. Nyumba ya wazazi wake Seoul imo, na ndiyo iliyomtangaza. Lakini nyumba aliyoirudia miaka mingi, akaipima chumba kwa chumba, ngazi kwa ngazi, mpaka swichi na bawaba za milango, ni fleti ya kupanga iliyoko namba 348, West 22nd Street, New York. Alishona jiko lake, friji lake, beseni la kuogea na hata choo. Mtu anayelilia kwao hana sababu ya kushona choo cha mwenye nyumba wa Marekani. Huyu anatafuta jambo jingine, na wewe mpangaji huenda umelihisi kabla ya wahakiki.

Kwanza tuitazame hiyo nyumba ya wazazi, kwa sababu nayo si vile inavyosimuliwa. Suh alizaliwa Seoul mwaka 1962. Baba yake, Suh Se-ok, alikuwa mchoraji mashuhuri wa wino. Katika miaka ya 1970, wakati utawala wa Rais Park Chung-hee ukisukuma ujenzi wa haraka na maghorofa ya zege yakichukua nafasi ya mitaa ya zamani, mzee huyo alifanya kinyume. Aliwaita mafundi wa mbao wamjengee nyumba ya jadi, hanok, kwa kuiga nyumba ya mwanachuoni iliyojengwa mwaka 1828 ndani ya kasri la Changdeokgung. Na nyumba ile ya kasri, kama inavyosimuliwa, ilijengwa ili watu wa ukoo wa kifalme waonje maisha ya msomi wa kawaida. Kwa hiyo ile inayoitwa nyumba halisi ya utotoni ni nakala ya nyumba ya kasri, ambayo nayo iliiga nyumba za wasomi. Kijana Suh alipofungua lango asubuhi kwenda shule alitoka karne moja akaingia nyingine. Kuvuka mipaka alikuanza hapo, miaka mingi kabla ya kupanda ndege.

Tena hanok hujengwa kwa mbao zinazoshikana kwa kupachikwa, misumari ikiwa michache sana, hivyo inaweza kufunguliwa, ikabebwa na kusimamishwa mahali pengine. Madirisha na milango yake ya ndani hufunikwa karatasi ya magome ya mforosadi. Mwanga unapita, sauti inapita, kivuli cha aliye upande wa pili kinaonekana. Aliyelelewa humo anajua tangu mtoto kwamba ukuta unaweza kutenganisha bila kuziba. Wanaodhani kitambaa ni ubunifu aliouokota Marekani wanasahau karatasi hizo.

Alihamia Marekani mwaka 1991, akasoma uchoraji katika chuo cha Rhode Island School of Design, kisha uchongaji Chuo Kikuu cha Yale, alikomaliza mwaka 1997. Amewahi kueleza kwamba wazo la nyumba ya kitambaa lilimjia alipokuwa akiishi New York kwenye fleti yenye kelele za barabarani, usingizi haumjii, akawaza mara ya mwisho alilala vizuri wapi. Jibu lilikuwa chumba chake kidogo cha Seoul. Akataka kukihamisha, na chumba kitakachokunjwa kikaingia kwenye sanduku la safari kinahitaji kitambaa. Aliporudi kwao kuipima nyumba, mama yake alimsaidia kuwapata mafundi wanaoshona mavazi ya jadi ya Kikorea, na kwao akajifunza mishono yao.

Kazi iliyotoka humo, ya hariri yenye rangi ya kijani hafifu, ilionyeshwa Los Angeles mwaka 1999 kwa jina la Seoul Home/L.A. Home. Ilipohamishiwa mji mwingine, jina la mji huo likaongezwa: New York, Baltimore, London, Seattle. Angekuwa analilia Seoul tu, angeliacha jina la kwanza pekee. Yeye anairuhusu nyumba ichukue kila mahali ilipotundikwa.

Sasa nije kwenye swali lako la nafasi, na kwa ajili hiyo nabaki na chandarua chako, maana umeshika penyewe. Chandarua kinachora chumba ndani ya chumba. Ukiwa ndani unajua uko ndani, lakini unamwona aliye nje, naye anakuona. Suh anafanya hivyo kwa nyumba nzima, kwa kipimo chake halisi. Ameondoa viti, vitanda, picha na mazulia, na kuta amezifanya nyembamba kiasi kwamba jicho linazipita. Kinachobaki ni vipimo: dari iko juu kiasi gani, mlango una upana gani, korido inambana mtu mabega au inamwachia. Vitu hivi hatuvioni tukiwa nyumbani kwa sababu mwili umeshavizoea. Yeye anavitenga ili mwili wako uvisome peke yake. Ndiyo maana kazi hizi hazionekani vizuri kwenye picha. Picha inakuonyesha rangi tu. Ni lazima uingie, uinamishe kichwa bila kuambiwa, ujigundue umeshapunguza hatua.

Ukitaka kuona jinsi uamuzi huo ulivyo mkubwa, mlinganishe na mchongaji wa Uingereza, Rachel Whiteread. Mwaka 1993, Grove Road, mashariki mwa London, Whiteread alimimina zege ndani ya nyumba iliyokuwa ikisubiri kuvunjwa, kisha akaondoa kuta za nje. Likabaki bonge la hewa ya ndani iliyogeuzwa jiwe, na jina lake likawa House. Halmashauri ililibomoa Januari 1994. Pale nafasi waliyoishi watu imefungwa, huwezi kurudi ndani. Kwa Suh ndani kuko wazi, mtu yeyote apite, lakini hawezi kukaa. Wote wawili wanasema nyumba imekwisha. Mmoja anaizika, mwingine anaiacha ipitike.

Kupitika ndiko kiini cha kazi yake, kwa maoni yangu. Suh anavutiwa zaidi na sehemu ambazo hakuna anayezihesabu kuwa chumba: korido, ngazi, kizingiti, baraza. Tate wana kazi yake ya mwaka 2010 iitwayo Staircase-III, ngazi nyekundu ya kitambaa inayoning'inia darini na kukatika kabla ya kufika chini. Ni ngazi ya jengo lile la West 22nd Street. Mpangaji aliitumia kila siku, lakini haikuwa yake wala ya jirani. Na kazi uliyopita ndani yake Tate, nadhani, ni Nest/s ya mwaka 2024, ambamo aliunganisha vyumba na vipenyo kutoka majengo ya miji tofauti aliyoishi, ikiwemo Seoul, New York, London na Berlin, vikawa mstari mmoja wa kutembea. Unatoka kipenyo cha nchi moja unaingia cha nchi nyingine bila mlango wa kubisha. Hakuna sehemu ya kazi hiyo unayoweza kuiita sebule. Kwa mtu aliyehama mara kadhaa hiyo ndiyo ramani ya kweli, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake imepita njiani.

Hapa nichepuke kidogo kwenda kwa msanii aliye karibu nasi zaidi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kuchukuliwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, aliandaa maonyesho ya wasanii wanawake weusi na wa asili ya Asia katika taasisi ya sanaa ya ICA, London, mwaka 1985. Hawakupewa ukumbi mkubwa. Walipewa korido na eneo la ngazi. Himid akayaita maonyesho The Thin Black Line, na jina lile likaibeba ile korido nyembamba. Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Ukisimama ndani ya korido ya Suh, kumbuka kwamba kwa wengine korido haikuwa jambo la kutafakari bali mahali walipowekwa.

Turudi kwa Suh, kwenye swichi na vitasa. Katika maonyesho yaleyale ya Tate kulikuwa na Perfect Home, umbo la nyumba yake ya London kwa kitambaa cheupe, na kutani zimeshonwa swichi, soketi, vitasa, balbu na mabomba ya rangi mbalimbali kutoka nyumba za London, Horsham, New York, Berlin, Providence na Seoul. Kila kimoja kimewekwa kwenye kimo chake cha asili. Wageni wengi hupita wakisema ni pambo zuri. Mimi naiona kuwa kazi yake yenye hoja kali kuliko zote za kitambaa, kwa sababu inaonyesha uhamaji unakaa wapi mwilini. Unakaa mkononi. Usiku, nyumba ngeni, mkono unapapasa ukuta ukitafuta swichi pale ilipokuwa nyumba ya zamani, na haipo. Soketi za Korea zina matundu mawili ya mviringo, za Marekani mawili bapa, za Uingereza matatu. Wewe uliyetoka Tanga ulikuta Leicester soketi ileile ya matundu matatu bapa uliyoikuta kwenu utotoni. Jiulize ilifikaje Tanga. Historia ya utawala wa Waingereza imebaki ukutani kwa namna ambayo vidole vinaijua kuliko vitabu. Hiyo ni mada ambayo Suh hawezi kuifanya. Wewe unaweza.

Kando ya kitambaa kuna kazi zake za karatasi, na naziweka juu zaidi. Alipokuwa akijiandaa kuiacha fleti ya New York, alifunika kila sehemu ya ndani kwa karatasi, kuta, sakafu, makabati, jiko, kisha akasugua kwa penseli za rangi mpaka kila mkwaruzo na kila skrubu ikatokeza. Ni kazi ya kugusa nyumba yote, kipande kwa kipande. Mfululizo huo anauita Rubbing/Loving, na humo ndimo upendo wake kwa nyumba ya kupanga unapoonekana bila kusemwa. Nyumba ya wazazi Seoul nayo aliivika karatasi ya mforosadi kwa nje, akaisugua, na karatasi zikapigwa na mvua na jua kabla ya kubanduliwa. Kazi hiyo imeandikwa 2013 hadi 2022.

Nzito kuliko zote ni ya Gwangju. Mei 1980 jeshi la Korea Kusini liliua raia wa mji huo waliokuwa wakidai demokrasia, na habari zikazuiwa zisisambae. Suh wakati huo alikuwa kijana wa Seoul. Mwaka 2012, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Gwangju, aliingia na wasaidizi katika vyumba vilivyoachwa, likiwemo jengo la makazi ya wafanyakazi wa sinema ya mji huo, wakabandika karatasi na kusugua wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Giza lile si mchezo. Taifa zima lilifungwa macho, na mkono ndio uliobaki kuuliza kuta. Anayesema Suh ni msanii wa nyumba nzuri nyororo hajasimama mbele ya karatasi hizo.

Zipo pia kazi za nyumba zinazogongana na mahali. Mwaka 2010 Liverpool aliibananisha hanok kati ya majengo mawili, imekaa upande kana kwamba ilidondoka kutoka angani. London mwaka 2018 aliweka nyingine juu ya daraja la waenda kwa miguu, Wormwood Street. Chuo Kikuu cha California, San Diego, kina Fallen Star ya mwaka 2012, kibanda kamili chenye bustani kwenye ukingo wa jengo la ghorofa saba. Sakafu ya kibanda na kuta zake haziko kwenye mwinamo mmoja, kwa hiyo ukiingia kichwa kinazunguka. Hizi zinaeleweka haraka, na kwa sababu hiyohiyo sirudi kwa Suh sana kwa ajili ya hizo.

Kuna jambo la kusema kwa uadilifu kabla ya kuja kwenye ushonaji wako. Suh alihama kwa masomo, akiwa na nyumba ya kurudi na jina la baba linalojulikana. Uhamaji una sura nyingine. Msanii Mona Hatoum alizaliwa Beirut, Lebanon, mwaka 1952 katika familia ya Wapalestina. Mwaka 1975 alikuwa London kwa matembezi mafupi, vita vikalipuka Lebanon, akakwama. Kazi yake ya mwaka 1999 inaitwa Home: meza ndefu yenye vyombo vya jikoni vya chuma vilivyounganishwa kwa nyaya za umeme, vinavuma na kuwaka, mbele yake kuna nyaya za kukuzuia usisogee. Jiko hilo linaweza kukuua. Ukimsoma Suh peke yake utadhani kila nyumba iliyoachwa inakunjika na kubebeka. Soma wote wawili. Suh mwenyewe ametoka nje ya maisha yake alipopiga filamu ndani ya Robin Hood Gardens, makazi ya halmashauri mashariki mwa London yaliyokamilika mwaka 1972 na kuanza kuvunjwa mwaka 2017. Kamera inapanda polepole kutoka fleti hadi fleti, nyingine zikiwa na watu, nyingine zimeshaachwa, na vitu vya wapangaji vinaonekana kama vilivyo. Mle hakuna kitambaa hata kimoja, na bado ni kazi ya nafasi kwa maana yote.

Sasa wewe. Ushauri wangu wa kwanza hutaupenda: usianze na nyumba ya Tanga. Anza na chumba cha Leicester. Nyumba ya kwenu unaijua kwa mapenzi, na mapenzi yatakufanya uiboreshe, usahau ufa na uongeze dirisha. Chumba cha kupanga utakitazama kwa haki. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwanza, kwa maandishi, hasa kama utabandika kitu ukutani.

Pima kwa futi ya fundi, si kwa simu. Kuna programu za kupima kwa kamera, na kwa jengo zima zinasaidia, lakini kwa chumba kimoja unataka mwili wako upige magoti kwenye kila kona. Andika kimo cha kila swichi kutoka sakafuni, upana wa kila kizingiti, unene wa mlango. Kisha pima mwili wako ndani yake: bega linagusa wapi ukipita koridoni, mkono unafika wapi ukinyoosha kitandani. Vipimo hivyo vya pili ndivyo ambavyo mchoro wa mhandisi hauna.

Kwa kitambaa, chagua oganza ya poliesta kuliko shifoni. Shifoni italegea na kuta zako zitalala. Oganza inasimama, inapitisha mwanga, na kingo zake unaweza kuzimaliza kwa mshono mwembamba wa Kifaransa, ule unaoficha nyuzi ndani. Ukuta unaoonekana pande zote mbili hauna upande wa nyuma wa kuficha makosa. Mishono itakuwa mistari ya mchoro wako, kwa hiyo amua mapema rangi ya uzi. Kwenye pindo la juu na kwenye pembe acha uwazi wa kupitishia waya wa chuma kisichoshika kutu. Usishone chumba kizima mwanzoni. Shona mlango mmoja na fremu yake, kitasa kikiwemo, uutundike, upite. Kitasa kitakuchukua muda kuliko mlango, na hapo ndipo utajua kama kazi hii ni yako.

Ukienda Tanga likizo, ndipo uichukue nyumba ya kwenu, na nakuomba uanzie barazani. Wewe unajua baraza kuliko msomi yeyote wa Ulaya: nani anakaa wapi, nani anasalimia akiwa amesimama, mgeni anasubiri mpaka wapi kabla ya kukaribishwa ndani. Pima kimo chake, pima kina chake, pima umbali wa mwenyeji na mpita njia wanapozungumza. Kisha bandika karatasi nyepesi kwenye sakafu yake na usugue kwa penseli laini, namba 6B au zaidi, ukianza na sehemu iliyolika kwa kukaliwa. Fanya asubuhi kabla ya jasho la mikono kuilegeza karatasi, mwite mzee wa nyumba akae karibu akueleze nani alikuwa akikaa hapo, na kila karatasi iandike namba nyuma, pamoja na mshale unaoonyesha upande wa mlango, kabla ya kuibandua.